Oringi za Kahawia

Siku ya gulio mjini Korogwe, duka la spea la Bi Mwanaisha lilijaa bodaboda hadi mlangoni. Mhina, fundi wa magari kutoka Handeni, alijipenyeza na ovaroli iliyopigwa pasi, maana kijana huyu alijipenda. Nyuma ya kaunta alisimama Hamisa, binti wa kaka yake Bi Mwanaisha, dera la zambarau, ushungi mweupe, wanja umekolea.

"Dada, nipe oringi saizi hii, seti nzima. Zile nyeusi."

"Za gari gani?"

"Injini ya rotari. Haina pistoni, ina kitu cha pembetatu kinazunguka. Hata nikikueleza..."

"Wewe eleza tu, sitavunjika."

Watu wakacheka. Mhina akaeleza kwamba viringi hivyo vya mpira vinaizuia oili isipenye ikaungua.

"Basi nyeusi za nini, kaka? Huo mpira wa kawaida, moto ukizidi unakauka kama ganda la muhogo. Chukua hizi za kahawia, ni vitoni, mpira usioogopa moto. Zinavumilia."

Alisema kweli, na Mhina alijua. Alichukua za kahawia, na namba ya simu juu yake.

Wiki tatu simu hazikupoa.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nitakulaje na wewe uko Korogwe?"

"Kula bwana! Usije kuniposa na mashavu yamebonyea, shangazi akakufukuza."

Siku ya kufunga injini, kwa haraka zake, Mhina alizivuta oringi bila kuzipaka oili, akakata mbili. Angepiga simu tu, zingeletwa. Lakini aliona haya. Mwanamume aliyejisifu kuwa rotari Handeni nzima anaijua yeye, amwambie mchumba amekata mpira? Akanunua nyeusi mbili pale pale Handeni, akafunga.

Jumamosi, gari jekundu la Mwalimu Dunstan, lile lenye injini ya rotari, lilimbeba bintiye kwenda kanisani likitoa moshi wa bluu. Bibi harusi alishuka akikohoa, shela linanuka oili.

"Fundi, nini hiki?" mwalimu alifoka mbele ya wageni.

"Spea, mwalimu. Yule dada wa Korogwe alinipa feki."

Jumatatu mwalimu alikwenda Korogwe, akamwita Hamisa tapeli mbele ya wateja. Bi Mwanaisha akamtoa kaunta, akamweka stoo.

Simu ya Mhina ikaita.

"Mhina, mimi nilikupa feki?"

"Haloo? Haloo?" Mhina akajifanya hasikii.

"Nijibu, mpenzi."

Mhina akakata simu. Wapo wanaokimbia kwa miguu, huyu alikimbia kwa kidole. Hamisa hakupiga tena.

Mhina alijidharau hata kujitazama kwenye kioo akashindwa. Baada ya siku tano aliifungua injini mbele ya mwalimu. Za kahawia zilitoka laini. Zile nyeusi mbili zilivunjika mkononi.

"Mwalimu, kosa ni langu. Nakuomba twende Korogwe."

Waliwakuta wateja wamejaa. "Shikamoo, mama," alisema Mhina. Bi Mwanaisha hakuitikia.

"Hamisa aliniuzia nzuri. Nilizikata mwenyewe, nikaweka hizi nyeusi, nikamsingizia."

Hamisa akatoka stoo, macho mekundu. "Mimi nilitukanwa kwa sauti. Wewe mbona unanong'ona?"

Mhina akarudia kwa sauti. Bodaboda walizima pikipiki wasikie vizuri, na Mhina alitamani ardhi ipasuke. Mwalimu naye akaomba radhi. Bi Mwanaisha akamshika binti mkono, akamrudisha kaunta.

"Utanisamehe, kipenzi?" Mhina aliuliza.

"Uliona aibu kuniambia umekata mpira. Mimi kuitwa tapeli hukuona aibu?" Akamfungia oringi mbili za kahawia. "Nenda, Mhina."

Zilipita siku nne. Hamisa alikuwa akihudumia wateja simu ilipoita. Alikuwa Mhina, nusura asipokee.

"Hamisa, nimekwama. Springi za kusukuma sili, zile pete za kuzuia oili, zina alama, nyingine nyeupe, nyingine bluu. Sijui ipi inakaa wapi."

"Uko na nani hapo?"

"Mwalimu yupo. Mafundi wote wa gereji wapo, wananisikiliza."

"Kwa hiyo hujui?"

"Sijui."

Nyuma yake mafundi walisikika wakimzomea, naye hakukata simu. Hamisa akaziba mdomo kwa ushungi, lakini kicheko kilishatoka.

"Usiguse kitu," alisema. "Nakuja na basi la saa nne."