Mvua Ndani ya Basi la Mama

Likizo ya Aprili ilipoanza, Mishi hakuhitaji jogoo wa kumwamsha. Kila asubuhi aliamshwa na mlio wa keekee ya umeme ikitoboa chuma uani. Akitoka na mswaki mdomoni, humkuta mama yake, Bi Nadhira, amejifunga leso kiunoni, juu ya ngazi.

Bi Nadhira alikuwa fundi wa umeme wa jua, na Ukunda nzima ilimjua. Kazi zake nyingi zilikuwa mbali, kule kwenye shule na zahanati za vijijini, na alikuwa amechoka kulala ugenini. Basi akanunua gari dogo la abiria lililokwisha kuzeeka, akang'oa viti, akatia vitanda, jiko la gesi na kabati la vifaa. Baba yake Mishi alikuwa baharia na alikuwa safarini, hivyo nyumba hiyo ya magurudumu ingewabeba wote watatu: mama, Mishi mwenye miaka kumi na miwili, na mdogo wake Iddi, aliyekuwa na ugonjwa wa pumu.

Kilichobaki kilikuwa umeme. Siku hiyo mama na binti walipandisha paneli mbili juu ya paa, wakazikaza kwenye vyuma vilivyoinuliwa kidogo ili upepo upite chini yake. Nyaya zilishuka ndani kupitia kisanduku cha plastiki kilichofungwa kwa skrubu juu ya tundu la paa. Ndani zilikwenda kwenye kontrola, kile kifaa kinachopima umeme unaoingia kwenye betri usizidi.

"Gari si nyumba, mwanangu," Bi Nadhira alisema, akimpa Mishi bomba la gundi ya kuzuia maji. "Gari hutikisika. Tundu lisilozibwa leo, barabara italipanua kesho. Ziba kila skrubu, kisha uzungushe kisanduku chote. Mimi naenda kwa mteja, sitakawia."

Mishi aliziba skrubu za paneli ya kwanza vizuri, kisha za ya pili. Jua lilikuwa linachoma mgongo na bati lilikuwa moto. Alipofika kwenye kisanduku, akasikia sauti ya jirani yake Warda kutoka ng'ambo ya ua.

"Mishi we! Bibi harusi ameanza kutiwa hina! Njoo upesi, utakuta mikono imekwisha!"

Mishi alikitazama kisanduku. Akapaka gundi upande mmoja tu, akajiambia atarudi. Hakurudi. Mama aliporejea jioni, ngazi, waliyokuwa wameiazima, ilikuwa imeshachukuliwa na mwenyewe.

"Umemaliza?" mama aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Na kisanduku?"

"Nacho pia," Mishi alijibu. Alikusudia kuomba ngazi alfajiri amalizie kazi kimyakimya. Lakini alfajiri simu ilipigwa: taa za shule moja upande wa Mwereni zilikuwa zimezimika zote. Kabla ya chai kupoa, walikuwa njiani.

Mvua iliwakuta baada ya Lunga Lunga, walipoiacha lami. Haikuanza kwa manyunyu. Ilimwagika kama ndoo iliyopinduliwa. Walivuka kijito kimoja ambacho kwa kawaida huwa kikavu, maji yakiwa bado ya vifundoni. Walipofika kwenye kijito cha pili, maji mekundu yalikuwa yanapita kwa kishindo yakibeba magogo. Bi Nadhira akageuza gari arudi. Cha kwanza nacho kilikuwa kimejaa. Alijaribu kusogea penye mwinuko, gurudumu likazama shimoni, injini ikameza maji ikazima. Aliwasha, akawasha tena, mpaka betri ya gari ikabaki inatoa mlio mmoja mkavu.

"Basi," alisema, akaweka mikono juu ya usukani. "Tumeshafungiwa, mbele na nyuma."

Walilala humo, madirisha yakiwa yamefungwa kabisa. Kulipokucha mvua ilikuwa inaendelea. Hewa ilikuwa nzito, yenye harufu ya nguo mbichi na gesi. Simu haikuwa na mtandao. Nje hakukuwa na kitu ila maji na miiba. Mishi alihisi kuta za basi zimesogea karibu zaidi kuliko jana.

Ndipo aliposikia: to... to... to... Alitazama juu. Tone lilikuwa linateremka kwenye waya mweusi, likifuata waya huo hadi nyuma ya kabati. Mama alifungua kabati. Kontrola ilikuwa imelowa, imezimika.

"Maji yanaingia wapi?" mama aliuliza. "Juu tumeziba. Labda ni dirisha hili. Mpira wake umekauka."

Mishi aliugusa mpira wa dirisha. Akasema moyoni kwamba labda kweli ni dirisha.

Mama alihangaika na dirisha asubuhi nzima, akipachika vitambaa na utepe. Mishi alimpa mkasi, akampa kitambaa, akimsaidia kuziba mahali alipojua hapana tundu. Kila tone lililoanguka nyuma ya kabati lilimpiga yeye.

Mchana Iddi alianza kukohoa. Kwanza kikohozi kidogo, kisha kifua kikaanza kulia kama filimbi. Mama alimketisha wima, akampa dawa ya kupuliza. Ile pampu ikatoa pumzi chache, ikaisha.

"Mashine," Bi Nadhira alisema.

Walikuwa na mashine ndogo ya kumvutisha Iddi dawa kwa mvuke, lakini ilitaka umeme. Mama aliichomeka. Ikanguruma kidogo, taa nyekundu ikawaka, ikanyamaza. Usiku walikuwa wametumia feni na taa, na betri ya paneli haikuwa imechajiwa chochote tangu kontrola izimike.

Nje mvua ilikuwa imepungua. Ng'ambo ya kijito mwanamke mmoja wa makamo alitokea na mbuzi wake. Mishi alifungua dirisha akapaza sauti.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba! Mu salama huko?"

"Mtoto ni mgonjwa!" Bi Nadhira alipiga kelele. "Kuna njia ya kuvuka?"

"Hakuna, mwanangu! Msijaribu, maji haya yanabeba ng'ombe! Mimi naitwa Rai. Ntakwenda kumwambia daktari wa zahanati awe tayari. Lakini mpaka kesho, hamtoki!"

Bi Nadhira alifunga dirisha. Uso wake ulikuwa umebadilika. Akavuta sanduku la vifaa akatoa kontrola mpya, aliyokuwa akiipeleka kule shuleni.

"Ninayo hii moja tu," alisema, akianza kuzikausha nyaya. "Mawingu yanafunguka. Tukipata mwanga kidogo, betri itapata nguvu ya kuendesha mashine. Dirisha nimeliziba. Namwomba Mungu liwe ndilo."

Iddi alikuwa anavuta hewa kwa mabega. Midomo yake ilikuwa imekauka na macho yake yalimtazama dada yake bila kumwuliza kitu. Mama aliingiza waya wa kwanza. Akaingiza wa pili. Mishi alitazama juu, akaona tone jingine limejikusanya kwenye waya, limenenepa, linangoja kuteremka.

"Mama, usiwashe!"

"Kuna nini?"

"Si dirisha." Sauti yake ilitoka kama si yake. "Ni kisanduku. Sikukiziba. Nilipaka upande mmoja, nikaenda kutazama hina. Nilikudanganya."

Kifua cha Iddi kiliendelea kulia. Mishi alingoja kofi. Alilitamani hata, liishe.

Mama yake hakuinua mkono. "Upande upi uliopaka?"

"Wa mbele. Wa nyuma na pembeni mtupu."

"Skrubu zake?"

"Hata moja."

"Na skrubu za paneli? Niambie kweli sasa, Mishi, sina kontrola nyingine."

"Hizo zote, Mama. Wallahi, zote."

Bi Nadhira alimtazama machoni muda, kama mtu anayepima sarafu. Kisha akazichomoa zile nyaya. "Chukua gundi, turubai na vitambaa vikavu. Tunapanda."

Walipandia dirisha la dereva. Paa lilikuwa linateleza. Mishi alijifunika turubai, akatandaza mikono juu ya kisanduku kama kuku anayefunika vifaranga, manyunyu yakimpiga mgongoni, na mama akawa chini yake anakausha, anakwangua tope, anapaka, anafunga utepe juu yake. Mikono ya Mishi ilikufa ganzi. Hakuishusha. Chini walimsikia Iddi akikohoa, na kila akinyamaza walitulia wote wawili mpaka akohoe tena.

Waliposhuka, mama alizikausha nyaya toka juu hadi chini, akaunga kontrola ile ya pekee. Wakasubiri. Wingu lilipita. Jua likatoka, jua dogo la baada ya mvua, na taa ya kijani ikawaka.

"Zima kila kitu," mama alisema. "Feni, simu, taa. Umeme wote ni wa Iddi."

Kungoja huko ndiko kulikokuwa kurefu kuliko yote. Mwishowe mashine ilinguruma, na safari hii haikunyamaza. Mvuke ukapanda. Mishi alimshikia mdogo wake barakoa ya mashine usoni, akahesabu pumzi zake kwa kutazama mabega, mpaka mabega yakaacha kupanda.

Kesho yake maji yalishuka kama yalivyopanda. Rai alikuja na vijana wakalisukuma basi likatoka shimoni, kisha akawapeleka zahanati. Daktari alimpima Iddi, akampa dawa na pampu mpya, akasema waliwahi.

Wakiwa wamekaa kwenye benchi la zahanati, Mishi hakuweza kunyamaza tena. "Mama, hukunipiga. Hukunigombeza hata."

"Sikuwa na nafasi," Bi Nadhira alijibu. Hakutabasamu. "Nilikasirika, Mishi, na bado nimekasirika. Lakini sikiliza. Mvua ilinifungia njia, na mvua sina neno nayo. Wewe ulinifungia macho. Asubuhi nzima nilitafuta tundu mahali lisipokuwapo, kwa sababu nilikuamini."

Mishi aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondoka kwenye mapaja.

"Kuiacha kazi nusu si dhambi kubwa," mama aliendelea, sauti ikilainika. "Ungeniambia, 'Mama, kisanduku bado,' ningepanda mimi mwenyewe na tochi. Kazi isiyokwisha ina dawa yake: ni kuimaliza tu. Lakini kazi uliyosema imekwisha, nani atairudia? Hapo ndipo watu huumia. Na mtu akiuchelewesha ukweli, kila saa unamzidia uzito. Wako ulikuwa mzito sana jana, nao ukausema. Hilo nalo nimeliona."

Akamvuta ubavuni. Kwenye chumba cha pili Iddi alikuwa amelala, mdomo wazi, akipumua bila sauti yoyote.