Ng'ombe Waliomkosesha Naeku Bima

Naeku alikuwa akiwapikia wageni chai, mkono mmoja kiunoni. Tumbo lilikuwa zito. Mtoto wake wa kwanza, Seleyian, alizaliwa kwa upasuaji, na wauguzi walikuwa wamemwonya kwamba huyu wa pili asizaliwe nyumbani.

Zamani onyo hilo halingemtisha. Mumewe, Katoo, alikuwa mlinzi katika shamba la maua karibu na Kitengela, na bima ya afya ilikatwa kwenye mshahara wake. Kisha shamba likafungwa. Mshahara ukaisha, na bima ikakoma.

Siku hiyo Katoo alikuwa ameketi na wanarika wake, wanaume waliotahiriwa pamoja naye. Phylis, jirani yao na mhudumu wa afya ya jamii, aliingia na simu yake ya kuandikishia watu bima.

"Sopa," aliwaamkia.

"Ipa," wakaitika.

"Serikali inalipia bima watu wasiojiweza," Phylis alisema. "Lakini kwanza inataka kujua mnaishi aje. Mko na ng'ombe?"

Katoo aliwatupia jicho wenzake. Mwanamume wa Kimaasai aseme mbele ya rika lake kwamba hana ng'ombe? Afadhali avuliwe shuka sokoni.

"Ng'ombe wetu hawahesabiwi," alijibu. "Wewe andika arobaini."

Ng'ombe wao walikwisha wakati wa ukame. Hao arobaini walikuwa wa kaka yake, kule Kajiado. Naeku alijua, lakini mke hamkosoi mumewe mbele ya wageni. Aliendelea kumimina chai.

Jibu likaja: mwenye mali hiyo ajilipie. Katoo akaikasirikia serikali. Naeku akamkasirikia Katoo.

"Baba Seleyian," alimwambia walipobaki wawili, "hao ng'ombe ndio watanizalisha?"

Kesho yake Katoo mwenyewe alimwita Phylis.

"Ukisema uko na ng'ombe, unaonekana tajiri," Phylis alieleza bila kumcheka. "Lakini majibu yanaweza kurekebishwa. Tutaomba mpimwe upya. Mtu akipoteza kazi aseme mapema, asingoje kuugua. Sasa niambie, uko na ng'ombe?"

Katoo akasema: "Sina. Hata mmoja."

Si kila anayeomba hupata, kwa hiyo Naeku alingoja kwa wasiwasi. Hatimaye ujumbe ukafika: serikali ingewalipia bima. Mtoto alizaliwa hospitalini, kwa upasuaji, na mama akarudi nyumbani salama. Katoo alimpokea akitabasamu.

Baadaye wanarika walikuja kumwona mtoto. Oscar, mwenye majigambo kuliko wote, akamwuliza Katoo alivyopata bima.

"Nilisema ukweli," Katoo alijibu. "Mimi sina ng'ombe."

Naeku alimpakata mtoto, akasubiri kicheko. Hakuna aliyecheka. Oscar aliweka kikombe chini.

"Huyo Phylis anapita huku lini?" aliuliza polepole. "Hata mimi nilimdanganya."