Jina Langu Kwenye Kalenda ya Akina Sietse

Kitu cha kwanza nilichokiona chooni kwa mama yake Sietse ni penseli, imefungwa kwa uzi kando ya kalenda ya siku za kuzaliwa, ambayo sisi Waholanzi huitundika chooni. Mama yake alikuwa ameniambia, "Ukiingia huko, Trijntje, jiandike. Mkwe wangu lazima awemo."

Nilikaa mpaka mlango ukagongwa. Nikatoka bila kuandika.

Sebuleni Sietse, ambaye kazi yake ni kutafuta asili ya maneno, alikuwa anamweleza shangazi yake neno gezellig, lile tunalolisema kila tukikaa pamoja kwa kahawa na roho zikatulia.

"Limetokana na gezel, mwenzi. Na gezel ni ndugu wa zaal, ukumbi. Yaani mtu mnayelala naye ukumbi mmoja. Wajerumani nao wanasema Geselle, fundi aliyeishi kwa bwana wake."

"Basi sisi tuliokulia kwenye tishali, chombo cha kubebea mizigo mferejini, ndio wenyewe," nikasema. "Watu sita, chumba kimoja, na mbwa."

Walicheka. Sikuwa nimewahi kuwachekesha watu wale. Hapo mama yake akarudi kutoka chooni.

"Hujajiandika."

"Nimesahau, mama."

"Robo saa mle ndani, umesahau?"

"Labda kayaona majina yetu akaghairi," shangazi akadakia.

"Kama hututaki, mwanangu, sema mapema." Akaanza kukusanya vikombe, keki haijaisha.

Uso uliniwaka. Nikachukua koti nikatoka. Sietse alinifikia kando ya mfereji.

"Unanikataa?"

"Hapana."

"Juzi nilikuandikia, 'Nataka tulale ukumbi mmoja maisha yote.' Ukajibu, 'Nami pia.' Ulinidanganya?"

"Aliyeandika ni dada yangu Geeske."

Akanigeukia.

"Mama yangu alipougua nilitolewa shule nikapike tishalini. Nilikuwa na miaka minane. Nasoma kwa kuungaunga, Sietse. Kuandika ndiyo siwezi kabisa. Ujumbe wako wote Geeske ndiye aliyenisomea."

"Hata ule wa shingo yako?"

"Hata ule."

Masikio yakamwiva. "Kumbe namtongoza Geeske mwaka mzima."

Sikuweza kucheka. Nilitamani mfereji unimeze.

"Twende ndani," akasema. "Mama nitamweleza mimi."

"Hapana. Nitamwambia mwenyewe."

"Na ile 'nami pia', Trijntje? Ilikuwa ya nani?"

Nikayatazama maji.

"Yangu. Ujumbe ule nilimwambia anisomee mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimeshaukariri. Nilitaka tu kuusikia tena."