Mpaka Lilale

Doa lilikuwa limerudi.

Mfamasia alisimama mlangoni mwa sebule, mwanawe Kibonge kiunoni, akalitazama kama mtu anayetazama mgeni aliyekwisha kumuaga. Hakuwa mvivu wa kazi. Wenzake wa duka la dawa walimtania kwamba akihesabu vidonge huvihesabu tena, asije akawa amevihesabu vizuri kwa bahati. Maziwa ya mtoto yalipomwagika juu ya zulia la mama mkwe, aliyafyonza kwa taulo, akakoroga sabuni kwenye maji ya moto, akashika brashi ya sakafu na kusugua kwenda, kurudi na kuzunguka, mpaka povu likampanda viwikoni.

Mumewe alikuwa amejinyoosha kwenye kochi wakati huo.

"Polepole, mama Kibonge. Aliyelala usimwamshe."

"Wewe hujalala, umejilaza. Nyanyua miguu."

Zulia lilikuwa la sufu, zito, la rangi ya tende. Mama mkwe alilirithi kwa mama yake, na hakuna mwingine aliyewahi kuruhusiwa kulisafisha. Alipoondoka kwenda kumuuguza dada yake aliacha agizo, mkoba ukiwa tayari begani.

"Sufu haisuguliwi, mwanangu, inabembelezwa. Kila jioni shika ile brashi laini, chana upande mmoja tu, kutoka dirishani kwenda mlangoni, mpaka lilale. Usiondoke halijalala."

Mfamasia aliitikia. Alijua anachoambiwa: zulia la sufu lina upande wake, kama manyoya ya paka. Ukilipapasa kwa upande huo, nyuzi hulala na kung'aa; ukienda kinyume husimama, rangi ikawa nzito. Basi alichana jioni za mwanzo. Kisha kazi zikamzidi, akasema moyoni kwamba zulia halifi kwa kukosa kuchanwa.

Hata doa kurudi kulikuwa na sababu. Uchafu uliozama shinani hupanda juu maji yanapokauka. Akakandamiza kwa siki, maji baridi na kitambaa cheupe. Kitambaa kilitoka safi. Doa likabaki palepale, ila sasa lilikuwa na goti.

"Angalia," alimwambia mumewe. "Mgongo huu hapa. Hapa amekunja miguu."

"Mimi naona doa. Wewe unaona jirani." Mumewe alicheka, lakini alilizunguka zulia kwa kupita ukutani, na viatu vyake alivivalia nje.

Ikaja harufu: sufu mbichi, harufu ya mnyama aliyenyeshewa akafungiwa ndani. Alifungua madirisha. Jua liliingia, upepo ukaingia, na zulia halikukauka. Alipoinama kulinusa alisikia kitu kikivuta pumzi chini ya uso wake, polepole, kisha kikaizuia, kama mtu anayejifanya hayupo.

Alasiri hiyo mumewe alikuwa ametoka. Mfamasia alikuwa jikoni akisuuza chupa ya mtoto alipogundua kwamba nyumba imenyamaza, na mama yeyote anajua kwamba mtoto atambaaye akinyamaza kuna jambo. Alimkuta Kibonge amelala ubavu ndani ya doa, mgongo ukifuata mgongo, goti ndani ya goti, akimnong'oneza mtu kwa ile lugha yake isiyo na maneno, akinyamaza kidogo, kisha akicheka kama aliyejibiwa. Na kuanzia mlangoni nyuzi za zulia zilikuwa zinasimama zenyewe, mstari mwembamba wa rangi nzito ukienda kinyume, bila haraka, kama kidole kinachopita juu ya mgongo wa paka, ukimwelekea mtoto.

Akampigia simu mama mkwe, bila kuthubutu kulikanyaga zulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unanong'ona?"

"Ni zulia, mama. Kibonge amelala juu yake. Maziwa yalimwagika, na mimi..."

"Ulisugua."

"Ndiyo."

"Kwa maji ya moto?"

"Ndiyo, mama."

"Na jioni, ulikuwa unachana?"

Alianza kuzihesabu jioni alizoziruka. Upande wa pili mama mkwe alishusha pumzi. "Limelala?"

"Hapana, nyuzi zinasimama."

"Sikuulizi habari za nyuzi."

"Mama, ulisema zulia lichanwe mpaka lilale."

"Nilisema mpaka lilale. Zulia sikulitaja. Na lile lingine usilitaje wewe, humo ndani lisilijue jina lake."

Hapo ndipo mfamasia alipoelewa, na vinyweleo vikamsimama kama zile nyuzi. Zulia lilale. Kile kingine nacho, kile cha herufi nne kinachowapanda watu kichwani, watu husema lilale.

"Mtoe mtoto, chana," alisema mama mkwe. "Nakuja."

Alimvuta Kibonge, naye alikuwa mzito kuliko siku zote, mzito kama kitu kilichonyonya maji, akatoka kwa sauti ya kubanduka. Akamketisha mlangoni alikoweza kumwona, akashika brashi laini, akapiga magoti dirishani na kuanza kuchana, akibembeleza kwa sauti ile anayombembelezea mwanawe kwa kuwa hakuwa na nyingine, lala, lala basi, na kila alipopitisha brashi kitu kilinyanyuka chini ya mkono wake na kushuka, kikasogea mbele kidogo, kikanyanyuka na kushuka, mpaka magoti yake yakafika mlangoni, pumzi ikawa ndefu, ikawa nyepesi, ikakoma.

Doa lilikuwa limetoka. Zulia lilikuwa kavu.

Mama mkwe alifika na mume wa mfamasia, aliyekuwa amempokea kituoni. Hakuvua hata mtandio. Aliinama, akapapasa sufu kwenda na kurudi, akanusa kiganja.

"Halimo," alisema.

"Si nilisema ni doa tu," alidakia mumewe, akicheka kwa nguvu kupita kiasi.

Mama mkwe hakumsikiliza. "Ulichana kuelekea mlangoni?"

"Kama ulivyoniagiza, mama."

"Na mtoto ulimweka wapi?"

Mfamasia aligeuka kutazama mlangoni. Kibonge alikuwa bado ameketi pale kizingitini, mkimya, macho wazi, akimtazama kila mmoja kwa zamu. Bibi yake alimpitisha mkono kichwani. Zile nywele laini zililala zote upande mmoja, zikang'aa. Akarudisha mkono kinyume. Zikasimama, zikawa na rangi nzito, na harufu ya mnyama aliyenyeshewa ikajaa mlangoni.

Mtoto alivuta pumzi, polepole, kisha akaizuia.

"Kaa chini, mwanangu," alinong'ona mama mkwe. "Jioni imeshaingia."

Akampa ile brashi. Mfamasia akampakata mwanawe na kuanza kumchana, upande mmoja tu, kutoka utosini kwenda kisogoni, akibembeleza, mpaka lilale.