Unga wa Kopo na Mizizi ya Mama

Siku ya gulio Bunda, dada mmoja aliyevaa gauni la kitenge cha njano alisimama mbele ya meza ya dawa za asili ya Mseti, akauinua mzizi na kuunusa.

"Huu unatibu nini, kaka?"

"Viungo, dada. Mama yangu anauchimbaga mwenyewe, kwetu Butiama."

"Na unga huu wa kopo?"

"Huo nanunua kwa mtu wa jumla. Mama anautumiaga mwaka wa pili sasa, magoti yamepona kabisa, hata amenenepa!"

Dada hakucheka. Alijitambulisha: Wankyo, wa maabara ya utafiti kule Butiama, anayetafuta steroidi za asili, yaani kemikali za kutuliza uvimbe, kwenye mimea.

"Unazionaje, nazo hazionekani?"

"Mashine moja inatenganisha vilivyomo, kimoja kimoja. Nyingine inapima uzito wa kila kimoja. Hakuna kinachojificha."

"Basi nisikusogelee. Utanipima moyo."

Hapo Wankyo akacheka, na Mseti akasahau wateja. Alimpa mizizi na unga akavipime, na namba ya simu.

Wiki tatu simu hazikukatika. "Mkemia wangu, umekula?" "Bado, mganga wangu, nakusubiri wewe." Jumapili moja walikula sato wa kukaanga kule Makoko, Musoma, upepo wa ziwa ukipeperusha mtandio wa Wankyo, na Mseti akajiona mtu mwenye bahati.

Jumanne Wankyo akapiga.

"Mseti, mizizi ya mama ina steroidi za mimea tu, ni misafi. Lakini ule unga umechanganywa na deksamethasoni. Hiyo ni steroidi ya kiwandani, dawa kali; ndiyo iliyomnenepesha mama."

"Yaani nauza sumu?"

"Sijasema wewe..."

"Kumbe ulinifuata kwa uchunguzi! Na mimi nikadhani napendwa."

Mseti akakata. Ujumbe wa Wankyo ulipoingia hakuufungua. Hata hivyo shaka ilimwingia: aliyaondoa makopo yote mezani, akaenda Butiama kuchukua na la mama yake.

Siku ya tatu jirani yao Rhobi akampigia. Mama yake Mseti, Mama Jenoveva, anatapika, hawezi kusimama. Mseti akaufungua ujumbe ule wa Wankyo: "Nina hasira ila sikiliza. Mama asiache unga ghafla, mwili wake umeuzoea. Mpeleke hospitali, waambie ni deksamethasoni."

Walimkimbiza hospitali ya Musoma. Daktari alisoma ujumbe, akamchoma mama sindano palepale.

"Aliyeandika hivi ametuokolea muda," alisema. "Bila haya tungekuwa tunabahatisha."

Mseti akatoka nje, akapiga simu.

"Wankyo, mama yuko hai. Ni kwa sababu yako. Nilikosa, nisamehe."

"Wodi gani?" lilikuwa jibu lake.

Alikuja na chupa ya uji. Mama Jenoveva aliushika mkono wake, asiuachie.

"Mwanangu, sina neno kubwa la kukulipa. Mungu akulipe."

"Kunywa uji, mama. Hayo yanatosha."

Mwezi mzima uliofuata Mseti alizunguka Bunda hadi Murangi, nyumba kwa nyumba, akiwaambia ukweli watu aliowauzia unga na kuwasihi waende hospitali kabla ya kuuacha. Wengine walimtukana. Mmoja wao, Mzee Mayala, alimfungia mlango, kisha akamfuata njiani kumshukuru. Wankyo alifuatana naye kila Jumamosi, raba zake nyeupe zikigeuka nyekundu kwa vumbi.

Jumamosi ya mwisho, wakirudi kwa miguu kwenda barabara kuu, Mseti alisimama.

"Jina langu limeharibika, Wankyo. Meza haina kitu. Sina cha kukuonyesha ila shukrani, na nakupenda. Utakubali nikuoe?"

Wankyo alimfuta jasho usoni kwa ncha ya mtandio.

"Nimekuona ukigonga milango sitini ukijua utatukanwa," alisema. "Nitafute mume gani mwingine? Njoo kwetu, uongee na baba."

Mseti alicheka kwa furaha. Akamshika mkono, wakaendelea na safari.