Soksi Nyuma ya Kompyuta

Kila Jumamosi Bibi Desanka hukanda unga wa biskuti, naye mumewe, Dragoljub, hutengeneza kitu ambacho bado ni kizima. Jumamosi hii kitu kilikuwa kibovu kweli. Mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta yao, ilikuwa imeungua. Dragoljub alinunua mpya ili aifunge mwenyewe.

"Saa kumi na moja binti yetu Jasna anapiga simu ya video," Desanka alimkumbusha. "Mjukuu wetu ana siku nne. Nisipomwona leo, nenda ukalale kwa mama yako."

"Mama alishafariki."

"Basi utajijua mwenyewe."

Dragoljub aliulaza ubao juu ya bati la kasha la kompyuta, akakaza skrubu kwa nguvu zake zote. Mezani kilibaki kibati chembamba chenye matundu, pamoja na vijiguu vya shaba.

"Hivi ni vya ziada," alisema.

Nyuma ya kasha palikuwa na uwazi mkubwa. Katika nyumba hiyo madirisha mawili hayafunguliwi kwa pamoja, kwa kuwa upepo unaopita katikati huleta kichomi na shingo kukakamaa. Kwa hiyo Dragoljub aliuziba uwazi ule kwa soksi ya sufu, akapenyeza nyaya kando yake. Kisha akabonyeza kitufe.

Kompyuta haikuwaka.

Saa tisa Desanka alimwita Verica, fundi wa kompyuta wa ghorofa ya pili. Verica alikunywa kahawa kwanza, kama ilivyo ada, huku Desanka akiitazama saa. Kisha akaivuta soksi kwa vidole viwili.

"Jirani, na hii?"

"Upepo," Dragoljub alijibu.

"Hata mama yangu angeiweka. Lakini kompyuta inataka hewa ipite, ndiyo maana ina feni. Chomoa waya wa umeme. Gusa bati la kasha, umeme wa mwilini ukutoke. Haya, kibati cha nyuma kiko wapi?"

Dragoljub alimtazama mkewe. Desanka alilitazama jiko. Ndani yake zilikuwa zikiiva biskuti zenye chapa ya matundu, mengine ya mraba, mengine ya mviringo.

"Si ulisema ni cha ziada?" alinong'ona.

Kibati kilioshwa unga wa biskuti, kikakaushwa vizuri.

"Toa ubao kwanza, maana hiki kibati hutangulia," Verica alieleza. "Kisukume kwenye uwazi kutoka ndani mpaka pembe zote nne zibane. Halafu funga vijiguu kwenye bati, mkabala na matundu ya ubao. Ubao ukigusa bati, umeme hupiga shoti. Una bahati haujaungua."

"Kisha?"

"Uteremshe ubao kwa mshazari, soketi ziingie kwenye kibati. Skrubu zishike zote kwanza, ndipo uzikaze. Polepole, jirani. Hilo si gurudumu la trekta."

Dragoljub alifanya yote kwa mkono wake, hatua kwa hatua. Saa kumi na moja kasoro dakika tano, feni ilianza kuzunguka. Baadaye kidogo Jasna alionekana, na kifuani pake mtoto mwekundu aliyelala.

Desanka alifuta machozi, kisha akakisogelea kioo.

"Jasna, dirisha hilo nyuma yako liko wazi?"

"Mwache," Dragoljub alisema kwa sauti ya mtaalamu. "Hewa lazima ipite."

"Mjukuu wangu hana feni," Desanka alijibu. "Jasna, mwanangu, mvishe soksi."