Udongo wa Kijani Mdomoni

"Uko wapi?"

"Stoo."

Upande wa pili wa simu Daktari akauliza taratibu, "Stoo unatafuta nini, mpenzi? Fundi wa gauni anakusubiri tangu saa nane."

Brashi aliuangalia mzigo wa plasta uliokuwa mbele yake, mkono mmoja ameshika rafu. "Natafuta gundi," akasema, akakata simu. Hakuwahi kumdanganya mwanaume yule hata siku moja. Leo alianza.

Pale makumbusho hakuna aliyekumbuka jina lake la kuzaliwa. Walimwita Brashi, basi, kwa kuwa tangu asubuhi mpaka jioni alikuwa ameinamia visukuku, ile mifupa ya kale iliyogeuka mawe, akiisafisha kwa sindano na brashi, punje moja moja. Daktari naye si wa kutibu watu, alikuwa wa kuisoma hiyo mifupa. Jumamosi walikuwa wanaoana. Jumatatu yake Daktari alikuwa anapanda jukwaani mbele ya wakubwa kulitangaza fuvu la kale alilolipata, na akishuka hapo, ukuu wa idara ni wake.

Sasa sikiliza, maana bila hili hutaelewa kwa nini mtoto wa watu alidanganya. Kule machimboni inakotoka mifupa, ardhi imelala kama mikeka iliyopangwa: ya chini ni ya zamani, ya juu ni ya karibuni. Katikati unapita ukanda mwembamba mweusi. Chini ya ukanda udongo ni wa kijani na mifupa imejaa, wanyama wa kila sura. Juu yake udongo ni mwekundu, na utachimba mwezi mzima usipate ila mjusi wa aina ileile moja. Hapo katikati ndipo karibu kila chenye uhai kilikufa, zamani mno, kabla hata hajafikiriwa mtu. Na fuvu la Daktari, la mnyama mwenye ukubwa wa mbuzi na mdomo kama wa kasa, lilikuwa na lebo ya udongo mwekundu. Maana yake mnyama huyo alikivuka kifo kile. Daktari akampa jina la Aliyenusurika.

Lebo hiyo aliandika Brashi kwa mkono wake.

Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amefika ndani ya taya, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupagusa. Nje fuvu lilikuwa limeshika kutu nyekundu, kila mtu akaridhika. Sindano ilipoingia mdomoni ikatoka na udongo wa kijani. Akaulowesha maji, akaupeleka dirishani. Kijani. Udongo ulioingia kinywani siku mnyama anafukiwa hauna sababu ya kusema uongo.

Hapo ndipo akakumbuka. Siku ile machimboni, miaka miwili iliyopita, walifunga mizigo miwili kwa plasta, ile chokaa inayoganda: fuvu lile na mjusi mmoja, kimoja cha chini ya ukanda, kingine cha juu. Lebo mbili zilikuwa mkononi mwake Daktari alipopiga goti kwenye vumbi akatoa pete. Brashi alilia, akacheka, akalia tena, akabandika lebo huku haoni kitu kwa machozi. Alizibandika kinyume. Siku tamu kuliko zote maishani mwake ndiyo siku aliyomharibia mwenzake kazi.

Alikuja stoo kuufungua mzigo wa mjusi ahakikishe kama udongo wake ndio mwekundu. Lakini plasta ya miaka miwili huwa ya njano na imejaa vumbi, na hii ilikuwa nyeupe pee. Mtu alishaufungua, akaufunga tena. Akavuta daftari la stoo. Sahihi ilikuwa ya Daktari, Jumanne ya wiki tatu zilizopita. Na Jumatano yake Daktari alikwenda kwa Shangazi yake Brashi, akamwomba ndoa isogezwe mbele, isingoje mwisho wa mwaka, eti mapenzi yamemzidi.

Kumbe anajua. Na kama anajua, haraka ya kuoa ni ya nini? Jibu likamjia: mke hawezi kumuumbua mumewe.

Simu ikatetemeka. "Gundi umepata?" Kabla hajajibu ukaingia ujumbe mwingine. "Usitoke. Nakuja."

Stoo ile ilikuwa na mlango mmoja tu. Alisikia viatu vikija kwenye korido, akajikuta anahesabu hatua. Hakuwahi kumwogopa Daktari. Sasa alimwogopa hata kabla hajamwona.

Daktari aliingia, akafunga mlango, akaitazama plasta nyeupe, kisha akamtazama yeye.

"Umeufungua?"

"Niufungue kwa nini, na wewe ulishaufungua? Kijani kiko mdomoni, nimekiona leo. Wewe una wiki tatu unajua."

"Wiki tatu na siku mbili."

"Ukaenda kwa Shangazi."

"Nilikwenda."

"Unanioa ili ninyamaze?"

Daktari akakaa juu ya sanduku. Alieleza yote kwa mkupuo, uso ameuinamisha. Kwamba aliogopa Brashi akijua lebo ni yake atajiona mkosi na kuondoka. Kwamba aliogopa kuchekwa, aliogopa cheo kumponyoka, na kila siku iliyopita ilimzidishia hofu ya kusema. Brashi alisikiliza, akamwonea huruma, na huruma ile haikumpunguzia woga hata kidogo.

"Jumatatu utasema nini?"

"Tufunge ndoa kwanza. Mengine tutayapanga tukiwa mke na mume."

Hiyo "kwanza" ilimchoma kuliko yote.

"Basi Jumamosi haipo," akasema. "Sema ukweli, nitakuwa mkeo hata ukifukuzwa kazi. Usiposema, tafuta mwingine."

"Na wewe utanisemea?"

"Ndicho unachokiogopa, au kunikosa?"

Brashi akampita, akafungua mlango mwenyewe.

Shangazi alipoambiwa ndoa imesimama, alitaka kuzimia. Kwanza Brashi alisingizia homa, lakini Shangazi hakuzaliwa jana. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema. "Sema, mwanangu." Alipoambiwa alitaka kujua mnyama mwenyewe ana umri gani, na alipojibiwa akashika kiuno: katika ukoo wao harusi zimewahi kuvunjwa na wanawake wengine, na walevi, lakini mzoga wa namna hiyo, huo ni wa kwanza. Kisha akapoa, akamsogeza karibu.

"Omba aseme. Asiposema halafu ukaolewa naye, utalala maisha yako yote na mtu unayemwogopa."

Jumamosi ikapita, gauni limening'inia mlangoni. Daktari hakupiga simu. Jumapili ukaja ujumbe mmoja: "Sijalala." Brashi aliandika jibu mara tatu, mara tatu akafuta.

Jumatatu alikaa safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango. Ukumbi ulijaa. Daktari alikuwa amevaa suti iliyoshonwa kwa ajili ya harusi, na nyuma yake, kwenye kioo kikubwa, neno lilikuwa lilelile: ALIYENUSURIKA. Bi Mkurugenzi wa makumbusho akamkaribisha, watu wakapiga makofi. Daktari akaanza na mikeka ya ardhi, akaja kwenye ukanda mweusi, picha moja baada ya nyingine, vilevile kama alivyokuwa akijizoeza sebuleni. Dakika kumi zikapita. Kumi na tano. Brashi akachukua mkoba wake, akainuka nusu.

Ndipo ikaja picha ya taya, na ndani yake kijani.

"Mnyama huyu hakunusurika," Daktari akasema. "Alikufa na wenzake. Niliwaambia vingine, na karibu mwezi sasa ninajua kwamba si kweli."

Ukumbi ukanguruma. Bi Mkurugenzi akavua miwani, akauliza lebo ilikosewaje.

Daktari akajibu, "Lebo niliandika mimi."

"Anadanganya," akasema Brashi.

Vichwa vyote vikageuka. Alikuwa amesimama wima, mkoba kifuani.

"Niliandika mimi. Alikuwa ananichumbia, nikabandika sioni kwa machozi. Na kijani nilikiona mimi."

Mtu mmoja alicheka, akakosa wa kumuunga mkono. Bi Mkurugenzi alimwuliza Daktari kama anaelewa kwamba ukuu wa idara ndio umekwenda. Akasema anaelewa. Kisha, kipaza sauti kikiwa bado wazi, akamtazama Brashi kule nyuma, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa kweli.

"Na Jumamosi ijayo?"

"Jumamosi ijayo nina nafasi," Brashi akajibu, akaketi, akauweka mkoba chini.